Choo cha kupima: nilivyonyonyewa shimo kwa toyo hapa Kigogo, nyota nne kasoro

Jamani habari za vyoo hakuna anayependa kuziandika. Saluni watu wanazisifia, chipsi kuku wanazisifia mpaka pilipili yake, ila siku shimo limejaa ukitafuta mtu aliyewahi kutumia hii huduma akuambie bei na kama wananukisha mtaa mzima hupati hata mmoja, kila mtu anajifanya kwake choo hakijai. Changu kilijaa. Naandika ili anayekuja nyuma yangu apate pa kuanzia, na pia kwa sababu nilipomaliza kuwalipa wale vijana nilikaa na kalamu nikapiga hesabu na hesabu yenyewe ikanipeleka mpaka mtoni.

Mazingira yalivyo. Nyumba ni ya marehemu baba, Kigogo ya Dar es Salaam, upande wa bondeni, vyumba sita, wapangaji wanne na sisi wenyewe, choo kimoja cha uani. Shimo limejengewa matofali pembeni na chini limeachwa wazi linywe. Kiangazi linakunywa vizuri tu. Masika ndio balaa, maji ya ardhini yanapanda yanaingia kwa chini kwa hiyo shimo linajaa hata kama wapangaji wote wamesafiri, na mwaka huu lilijaa wiki mbili kabla ya Pasaka, wakati mbaya kuliko wote. Kutoka uani kwetu mpaka Mto Msimbazi unatembea dakika chache. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inasema shughuli za kudumu zisiwe ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, sisi tupo mita ngapi sijui na sitaki kupima.

Ukijaza shimo hapa una njia nne. Ya kwanza ni gari la majitaka, lile kubwa. Nilipiga simu, dereva akaniambia lita 7,000 kwa 120,000, bei nzuri, akauliza gari linafika wapi nikamwambia linaishia kwa muuza mkaa halafu kuna kichochoro. Akauliza kichochoro kina mita ngapi, nikasema kama mia na kitu hivi. Akacheka kidogo kwa heshima akasema mama mpira wetu haufiki huko. Basi.

Njia ya pili ni vyura. Vijana wa siku hizi huenda hamuwajui, ni wale wanaume wanaoingia shimoni wenyewe na ndoo, wanamwaga chumvi na mafuta ya taa kupunguza harufu, wanachimba shimo lingine pembeni wanahamishia humo wanafukia. Baba aliwahi kuwaita nikiwa mdogo na nakumbuka yule bwana akitoka mle ndani amekunywa maziwa lita nzima bila kupumua. Kwanza ni hatari kwa binadamu, pili uani kwetu hakuna tena pa kuchimba, kila mahali ukipiga jembe unakuta shimo la zamani. Uwanja mzima ni makaburi ya vyoo.

Njia ya tatu ni kutapisha. Hii kila mtu bondeni anaijua na hakuna anayeikubali. Unatoboa tundu pembeni ya shimo, unaliziba kwa tambara au gogo, mvua kubwa ikinyesha usiku unachomoa, choo kinajitapika chenyewe, maji yanabeba mtoni na mto unabeba mpaka Jangwani, daraja la Salander, baharini. Haina gharama. Mzee wa jirani yangu nilipomwamkia asubuhi na kumweleza shida yangu aliniitikia marahaba halafu akaangalia juu mawinguni akasema "mwanangu hela za nini, si subiri tu." Mzee wa watu anaswali swala tano na hajawahi kumdhulumu mtu hata shilingi, ila kwenye jambo hili mto hauhesabiki kama mtu.

Ya nne ndio hii ninayoisimulia. Vijana watatu wa mtaa wa pili, wana toyo, ile pikipiki ya mizigo ya matairi matatu, limefungwa tenki la plastiki la lita 500 nyuma, na pampu ya mkono. Jina la kikundi chao sitaji maana nitasema na mabaya yao. Bei yao ni kwa safari, 35,000 kwa tenki moja. Unanunua safari unazoweza, moja, mbili, upendavyo. Ndio maana mimi naiita choo cha kupima, kama mafuta ya kupima na sukari ya robo, mtu hana hela ya debe lakini hakosi ya kibaba. Na hapa niwape sifa zao mapema kabisa, huu ndio uvumbuzi wenyewe. Ile pampu wala siyo kitu kipya. Mwishoni mwa miaka ya 80 mpaka 1992 kulikuwa na mradi wa Waholanzi hapa hapa Dar walikuwa na mkokoteni wa tenki la lita 200 na pampu ya kuzungusha kwa gurudumu, wakaujaribu mitaani, baadaye ukapotea. Wakubwa wa mtaa wanaukumbuka. Kwa hiyo chuma kilikuwepo, ila mtu kukuuzia kidogo kidogo kama genge, hapo ndipo wamenishika.

Sasa kazi yenyewe. Waliahidi Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi wakaja Jumapili saa tatu, watu wamevaa wanakwenda kanisani. Nyota ya kwanza inaanza kuchubuka hapo. Simu nikipiga Jumamosi "tupo njiani mama", njiani ipi hiyo ya masaa ishirini na saba. Walipofika lakini walifika na vifaa, gambuti, glavu ndefu za mpira mpaka kiwikoni, barakoa, na ovaroli ingawa mmoja ovaroli lake lilikuwa na zipu mbovu amefunga kwa kamba ya katani. Wakatandika turubai kutoka mlangoni mwa choo mpaka kwenye toyo, hiyo nimeipenda sana, wakamimina dawa pembeni ya tundu halafu wakaanza kitu wanachokiita kuvua.

Kuvua ni hivi. Kabla ya pampu kuingia lazima takataka zitoke maana zinaziba, kwa hiyo wana nondo ndefu yenye ndoano mbele, wanachovya wanazungusha wanavuta. Nilisimama mbali kidogo nikashuhudia maisha ya nyumba yangu yanatoka moja moja. Pampasi. Pampasi tena. Kandambili moja ya kushoto. Nywele za bandia rangi ya maruni, na hapo mpangaji wangu mmoja aliyekuwa anachungulia dirishani akarudi ndani taratibu. Kitambaa cha meza. Viwembe ndani ya kopo la maziwa ya unga, angalau huyo alikuwa na huruma. Mkufunzi wa zoezi, kijana mkubwa kati yao, alinitazama akasema "mama hapa kuna nguo nyingi, kwenye safari ya tatu utatuongezea elfu tano." Nikakasirika. Bei tulishapatana. Ila nikatazama lile rundo kwenye kiroba nikaona aibu kubishana, nikaongeza.

Baada ya hapo ndio pampu. Ni bomba la plastiki refu lina mpini wa chuma juu, mmoja anavuta juu anasukuma chini kama pampu ya baiskeli, tope linapanda linatokea mdomo wa pembeni linaingia kwenye ndoo yenye mfuniko, wa pili anabeba wa tatu anapokea kwenye tenki. Harufu ipo, nisidanganye mtu, ila siyo ile ya vyura ambayo ilikuwa inakaa siku tatu kwenye mashuka. Saa moja na nusu kwa safari, kuanzia kuvuta mpaka kuondoka. Ndoo moja iliwamwagikia mlangoni kwa jirani wa upande wa pili, mama wa watu akatoka na fagio na maneno, wakasafisha, wakamwaga dawa, wakaomba radhi, lakini lawama imebaki kwangu mpaka leo na salamu zimekuwa za mkato. Hiyo ni robo nyota nyingine imekwenda.

Nikanunua safari tatu. Lita 1,500 kwa 110,000 pamoja na ile elfu tano ya nguo. Hapa ndipo niliposhika kalamu.

Hata bila ile nyongeza, toyo ni shilingi 70 kwa lita. Lile gari kubwa lingekuwa kama 17 kwa lita. Yaani mimi wa kichochoroni nalipa mara nne ya mwenye barabara kwa uchafu ule ule, wa kwangu hauna dhahabu ndani. Na maji safi? Ndoo ya lita 20 kwa jirani mwenye bomba nanunua 100, shilingi tano kwa lita. Kwa hiyo kuyaingiza maji nyumbani ni tano na kuyatoa yakiwa machafu ni 70, mara kumi na nne. Halafu kuna watu wa Upanga na katikati ya jiji ambao bomba la majitaka linapita mlangoni, wao wanalipia kwenye bili ya maji mwisho wa mwezi, hawamjui mvuaji wala ndoano, na kwa miaka mingi ya kwao yalikuwa yanaenda na bomba moja kwa moja baharini kule Ocean Road. Siwaonei wivu (nawaonea). Ninachosema, ukitazama bei hizi tatu ukaniuliza kwa nini Msimbazi ni mchafu sihitaji profesa aje anieleze. Mshindani wa hawa vijana wa toyo siyo gari kubwa, siyo vyura. Mshindani wao ni mto. Mto ndio unanyonya bure, unakuja wenyewe hadi mlangoni, haukawii kama wao, na masika unafanya kazi usiku kucha. Mfanyabiashara gani atashindana na huyo.

Na mchango ulivyokusanywa ndani ya nyumba ndio nikaona serikali inavyopata taabu. Niliwaomba wapangaji kila mmoja 15,000, zilizobaki nilipe mimi. Wawili walitoa siku hiyo hiyo. Wa tatu alitoa kwa awamu. Wa nne, analinda usiku huko viwandani, akaniambia dada mimi choo natumia kazini, hapa nalala tu. Nikamwambia sawa, na Jumapili? Jumapili nakula kidogo. Kha! Alitoa nusu baada ya wiki. Sasa chukua nyumba sita zenye mtu kama huyo, zidisha kwa bonde zima kuanzia milima ya Pugu mto unakoanzia mpaka Salander unakomwaga, ongeza kiwanda ambacho mwenyewe anasema maji yangu nimeshayasafisha, ongeza gereji, ongeza mfugaji. Kila mmoja anasema mchafu ni wa juu yake na anayeumia ni wa chini yake, yeye yupo katikati analala tu.

Safari ya tatu nikasema niwafuate. Nilikuwa na wasiwasi, nimelipa 110,000 isije ikawa wanakwenda kumwaga darajani halafu hela yangu imelipia safari fupi tu ya kuelekea mto ule ule. Nikachukua boda tukalifuata toyo polepole Buguruni mpaka Vingunguti kwenye mabwawa ya majitaka. Dereva wa boda hakunielewa kabisa, "mama tunafuata mavi?" Ndiyo tunafuata mavi.

Walimwaga kweli. Wakapanga foleni nyuma ya magari makubwa, wakarudi nyuma, wakafungua koki, dakika chache tenki tupu. Mkubwa wao akaniona akacheka akanionyesha risiti bila kuulizwa. Hapo nyota ilirudi yote aisee. Mabwawa yenyewe ni makubwa, unayasikia puani kabla hujayaona, la mwanzo limevaa gamba jeusi juu kama uji uliopoa, ya mbele yanazidi kuwa ya kijani na yangeyange wamesimama pembeni wanajilia zao. Hakuna mashine. Hakuna umeme. La kwanza lina kina, tope linazama wadudu wanalila bila hewa, yanayofuata kina kinapungua jua linafika chini, mwani unaota unatoa hewa, na la mwisho jua linaua vijidudu, halafu maji yanatoka. Yanatoka yanakwenda wapi? Msimbazi. Kila kitu hapa mwisho wake Msimbazi, tofauti ni kwamba kimepita darasani kwanza au hakikupita. Kinachokula gharama kwenye mabwawa ya aina hii ni ardhi, na tope linalobaki chini ambalo lazima lizolewe, usipolizoa bwawa linakuwa fupi, maji yanakaa siku chache, yanatoka hayajaiva. Kuzoa tope ni kazi ambayo hakuna kiongozi atakatia utepe.

Kijana akaniambia na wao pale wanalipia kumwaga. Nikamuuliza mbona hiyo hujaniambia kwenye bei akasema ipo humo humo ndani mama, mafuta, kumwaga, dawa, dei ya toyo maana siyo letu, kinachobaki tunagawana watatu. Nikawaza sana pale kwenye boda. Hii ada ina mantiki kwa mwenye mabwawa, tope lina gharama. Lakini kwa mtu wa toyo ada ni sababu ya kutofika. Ukiipandisha, atakayeendelea kuja ni mwaminifu tu, na mwaminifu ndiye ataonekana ana bei ghali mtaani. Mwenzake atamwaga saa nane usiku darajani na kesho atauza safari kwa elfu 25. Na kama ada ni kwa safari badala ya kwa ujazo basi mwenye lita 500 anamlipia mwenye 7,000.

Mimi nisiye mchumi naona ingekuwa kama chupa ya soda enzi zile. Ukienda na soda unaacha hela ya chupa, ukirudisha chupa unapewa chako, ndio maana hukuona chupa imetupwa mtaroni hata siku moja, mtoto angeiokota mbio. Hela tuiache sisi mapema, kidogo kidogo, na yule anayefikisha tope pale bwawani ndiye alipwe akifika, siyo atozwe. Manila kule Ufilipino wanafanya kitu kinachofanana, kwenye bili ya maji kuna ada ya mazingira, kila mwenye maji analipa kila mwezi, halafu gari linapita kunyonya makaro kwa zamu kila baada ya miaka michache, hujaita wala hujapatana. Hapa ukiweka hata kidogo kwenye kila uniti ya maji, mtu wa nyumba kubwa anayemwagilia bustani atachangia zaidi kuliko mimi wa ndoo, na ile 70 yangu ingeshuka. Najua mtasema maji yameshapanda bei, najua, na mimi nalipa. Ila tunalipa tayari. Agosti 2015 kipindupindu kilianzia Kinondoni hii hii yetu, na waliokaa wodini na ndugu zao waliofunga biashara kuwauguza walilipa, tena bila risiti.

Sheria hatuna upungufu. Ile ya 2004 imeandika kabisa kwamba mchafuzi alipe, ile ya rasilimali za maji ya 2009 inataka mwenye kutiririsha majitaka mtoni awe na kibali kutoka bodi ya maji ya bonde la mto, kwetu ni Wami/Ruvu. Sawa. Kibali hicho anapewa mwenye bomba. Kiwanda kina bomba, unaweza kusimama na chupa ukakinga ukapeleka maabara ukasema wewe, uchafu huu ni wako. Mwaka 2019 NEMC, lile baraza la taifa la mazingira, waliupiga mgodi wa North Mara faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa bwawa la maji machafu kuvuja, ikawezekana kwa sababu bwawa lina mwenyewe. Halafu mwaka 2022 samaki wakafa Mto Mara huko huko, kamati ikaundwa, ikarudi na jibu ni kinyesi na mkojo wa ng'ombe, nchi nzima ikacheka wiki nzima. Mimi nilicheka pia. Lakini tuache kama walikuwa sahihi au la, hebu fikiria kibali cha ng'ombe unakiandikaje? Ng'ombe hana bomba, hana anuani, na wenyewe ni maelfu kila mmoja na wake kumi. Na sisi wenye vyoo vya uani tupo kundi la ng'ombe, siyo kundi la kiwanda. Ukitutoza faini utatukamata wangapi, nani atakuja saa nane usiku mvua inanyesha na tochi kuangalia nani kachomoa gogo? Bwana afya? Yeye mwenyewe amepanga bondeni.

Faini yenyewe ina shida yake, ni kama mvua, haijulikani itanyesha lini. Mwenye kiwanda anajua hesabu, mtambo wa kusafisha unakula umeme kila siku na faini inakuja ikija. Ndio maana ada ya kila mwezi inayopanda kadiri unavyochafua nadhani ingetisha zaidi kuliko faini kubwa ya ghafla, hata kama kwenye taarifa ya habari haina mvuto.

Halafu kuna mradi mkubwa, wa Bonde la Msimbazi, Benki ya Dunia walipitisha dola milioni 200 mwaka 2022, mto upanuliwe kule chini, Jangwani pawe na daraja refu, bonde liwe bustani ya jiji. Baadhi ya majirani zetu wa chini kabisa nyumba zao zilishabomolewa. Siupingi, anayepita Jangwani masika anajua kero yake. Ila bustani ipo chini na mashimo yetu yapo juu. Mkija kutandika mikeka yenu ya pikniki, kitakachopita pembeni yenu kimetoka kwangu, na kwa jirani yangu mzee wa watu. Na mchicha jamani. Mchicha wa bonde la Msimbazi unamwagiliwa humo humo, asubuhi unapita mlangoni kwangu kichwani kwa dada mmoja mkarimu sana, mafungu mazuri ya kijani kibichi, nanunua, naosha mara tatu, napika kwa nazi, nakula. Kwa hiyo nyonya usinyonye, kitu chako kinarudi sahanini.

Nilisoma mahali kwamba London mwaka 1858 Mto Thames ulinuka kiangazi kimoja mpaka wabunge wakashindwa kukaa, bunge lao liko ukingoni kabisa mwa mto, wakaloweka mapazia kwenye dawa ikashindikana, ndani ya siku kumi na nane sheria na hela za mitaro mikubwa zikapita. Bunge letu liko Dodoma.

Turudi kwenye huduma, maana nimekwenda mbali. Mtu akiniuliza awaite au asiwaite namwambia waite, ila fanya haya: patana kabla kama nguo na pampasi zimo kwenye bei ama la, wakisema Jumamosi wewe andaa Jumapili, waambie majirani mapema ili lawama ikija ije na taarifa, na safari ya kwanza wafuate ujue wanakomwaga au angalau udai risiti ya bwawani. Usinunue safari moja. Safari moja inakupa wiki mbili za raha halafu maji ya chini yanapanda tena umetupa hela. Mbili ndio mwanzo, tatu ndio unahema. Na ndani ya nyumba wekeni kopo la taka chooni lenye mfuniko, mimi nimeweka, elfu nne tu, limeniokolea elfu tano ijayo.

Wana adabu, wanaosha vyombo vyao kabla ya kuondoka, hawaombi chai, hawatazami madirisha ya watu. Nimewapunguzia kwa kuchelewa, kwa ile ndoo na kwa kubadilisha bei katikati ya kazi. Nyota nne kasoro robo.

Mzee wa jirani aliona kazi ilivyokwenda, akaja jioni akasimama pale kwenye turubai lililoanikwa akauliza ni shilingi ngapi, nikamwambia. Akanyamaza kidogo. Akaomba namba yao nikamwandikia kwenye kipande cha boksi la sabuni, akakunja akatia mfukoni kwenye kanzu, akasema wiki ijayo hela ya kodi ikiingia atawaita, na niliona anamaanisha. Alhamisi usiku ikanyesha ile mvua ya upepo, bati zinapiga kelele mtu husikii hata redio, na kama saa tisa hivi ilipopungua kidogo nikasikia jembe. Asubuhi nilimkuta mlangoni kwake anafagia majani, uani kwake kusafi kama pameoshwa kwa sabuni. Shikamoo. Marahaba mwanangu, akasema, mvua ya heri hii.